Umekabidhiwa mahakama ya zamani uirudishe? Soma hii kabla hujaita fundi

Majengo ya mahakama za zamani huku pwani yana bahati mbaya moja, hayana mwenyewe wa kuyalilia. Msikiti wa kale una waumini wake, nyumba ya kale ina warithi hata kama wanagombana, ngome ina watalii, lakini mahakama ya mkoloni nani anaikumbuka kwa mema? Wengi walioingia mle waliingia na pingu, au waliingia kudai shamba wakatoka bila shamba. Kwa hiyo ikishafunguliwa mahakama mpya ile ya zamani inaachwa hivo hivo, funguo anapewa askari wa zamu, bati linatoboka, popo wanahamia, alafu baada ya miaka mingi kaunti au kikundi cha vijana kinazinduka, ati tuifanye makumbusho, ati tuifanye maktaba, na anatafutwa mtu wa kusimamia. Kama mtu huyo ni wewe basi karibu.

Mfano nitakaoutumia sana ni mahakama ya zamani ya Mombasa, ile ya Nkrumah Road hatua chache kutoka Fort Jesus, manake wengi wanaijua na yenyewe imeshavuka hatari, ilijengwa 1902 na sasa hivi iko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, watu wanaingia kutazama maonyesho pale walipokuwa wanasomewa mashtaka. Lakini njia ni ile ile ukiwa Lamu, Malindi, Tanga au Unguja, popote palipojengwa kwa jiwe la matumbawe na chokaa. Ukiwa bara na jengo lako ni la matofali ya kuchoma, mambo ya boriti ruka, ya chokaa soma yote.

Na kabla sijaendelea, hayo majengo hayauliwi na uzee. Yanauliwa na maji, alafu yanamaliziwa na simiti iliyopakwa kuficha maji. Ukiniuliza nini cha kushika katika maneno yote haya marefu, ni hilo.

Historia kwanza, na sio ya kuandika kwenye kibao

Kuna watu wanadhani historia ni ile marumaru ya kuzinduliwa na mheshimiwa. Hapana jamani. Historia ndo inakwambia ukuta upi ni wa asili na upi uliongezwa baadaye, mlango upi ulizibwa, paa lilikuwa la nini, veranda ilikuwa wazi au imezungushiwa. Bila kujua hayo utatumia pesa za watu kurudisha kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Jiulize kwanza kwa nini walijenga pale na mwaka ule. Chukua ya Mombasa, reli ilifika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na Mombasa ndo ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla hawajahamia Nairobi 1905, kwa hiyo hapo una bandari, una wafanyabiashara, una vibarua walioletwa kutoka India kwa kazi ya reli, una watu wanauziana ardhi kila siku, kesi lazima zijae. Sasa angalia walipoiweka. Fort Jesus tangu 1895 mpaka 1958 ilikuwa jela ya serikali, yaani mtu akihukumiwa hapa anavushwa hapo hapo kwenda kulala pale, hata gari haihitajiki. Ukishalijua hilo maswali yako yanakuwa na maana, mahabusu waliingilia mlango gani? Hakimu na mshtakiwa walipishana wapi? Selo zilikuwa upande upi? Majibu mengi yako ukutani ukijua pa kutazama, kizingiti kilicholika katikati kwa miguu ya watu, alama za bawaba mahali ambapo sasa hakuna mlango, matundu ya nondo kwenye dirisha ambalo leo lina kioo.

Jambo jingine watu wanalichanganya, sio kila mahakama ya zamani ya pwani ilikuwa mahakama ya hakimu Mzungu. Ule ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza walikuja kuuendesha kwa mkataba wa 1895, kwa hiyo pembeni ya mahakama zao kulikuwa na za liwali na za mudiri, yaani maofisa wa Sultani, na za kadhi, na za kadhi zipo mpaka leo kwenye katiba ya Kenya. Jengo la liwali na jengo la hakimu havifanani ndani. La hakimu limepangwa kumtisha mtu, dari iko juu, kiti cha hakimu kimeinuliwa, kizimba kiko peke yake. La liwali mara nyingi ni baraza na chumba tu, watu wamekaa karibu karibu. Ukikosea hapo utaweka kizimba mahali ambapo hakikuwahi kuwepo, na mzee wa kwanza kuingia atakucheka.

Pa kutafuta ni pengi kuliko unavyodhani. Nyaraka za Taifa kule Moi Avenue Nairobi kuna mafaili ya Mkoa wa Pwani, uliza ya kazi za ujenzi na sio ya mahakama peke yake, manake mambo ya paa kuvuja na bajeti ya rangi yanakaa kwenye mafaili ya ujenzi. Gazeti rasmi la serikali lilianza kutoka 1899, mle utaona mahakama zinatangazwa, mahakimu wanateuliwa, zabuni zinaitwa. Ukiwa Unguja nenda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Barua za magavana na ramani nyingine zilikwenda London, ziko Kew kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, hizo waombe jamaa wanaoishi huko wakaangalie, sio lazima usafiri.

Picha sasa. Wapiga picha Wagoa kama A. C. Gomes wa Unguja na ndugu wa Coutinho waliuza kadi za posta nyingi sana za miji hii, na chuo kikuu cha Northwestern kule Marekani kimeweka kwenye intaneti mkusanyiko wa Winterton, maelfu ya picha za zamani za Afrika Mashariki, unaangalia bure kwenye simu yako. Zivute karibu, hesabu madirisha, tazama mfereji wa paa ulishukia wapi. Ila kadi za rangi usiziamini kwa rangi, nyingi zilipigwa nyeusi na nyeupe alafu mtu aliyekaa Ulaya na ambaye hajawahi kuona Mombasa ndo akazitia rangi kwa kukisia. Utakuta ukuta wa waridi ukadhani umepata ushahidi!

Alafu wazee, na hapa wengi wanakosea namna ya kuuliza. Usiende kukaa na mzee sebuleni ukamwambia "hebu tueleze historia", atakupa hotuba. Mlete ndani ya jengo lenyewe, mshike mkono kwenye ngazi, acha atembee. Karani mstaafu, mkalimani wa mahakama, polisi wa zamani, wale waliokuwa wanakaa nje na taipureta wakiwaandikia watu barua za malalamiko, hao wote wana ramani kichwani. Rekodi kwa simu ila omba ruhusa. Na kuna swali moja usilisahau: "Shikamoo mzee, mvua ikinyesha ndoo mlikuwa mnaiweka wapi?" Kila mtu aliyefanya kazi kwenye jengo la zamani anakumbuka ndoo iliwekwa wapi. Atacheka, alafu atakuonyesha kwa kidole, na hapo ndo tatizo la jengo lako lilipo, pengine kwa miaka hamsini sasa.

Ukikuta mafaili ya kesi yamebaki, simama. Hayo sio karatasi taka na sio mali ya mradi wako, kumbukumbu za serikali zina sheria yake, Sura ya 19 ya sheria za Kenya, kwa hiyo andikia Idara ya Mahakama na Nyaraka za Taifa waje wachukue. Wakati unawasubiri yaweke kwenye maboksi chumba kikavu chenye hewa, usiyaanike juani, yatakunjamana na wino utapauka. Na majina yaliyomo usiyapige picha ukarusha kwenye grupu la WhatsApp, watoto na wajukuu wa hao watu wapo hapa hapa mjini.

Karatasi za ruhusa, nitapita haraka

Kenya sheria kubwa ni ile ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Majengo mengi yanapata ulinzi kwa kutangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali, kwa hiyo mahakama ya 1902 au 1910 usidhani imelindwa kwa vile ni kuukuu, nenda kaulize. Ikishatangazwa hugusi hata dirisha bila kibali cha Makumbusho. Mji wa Kale Mombasa, Lamu na Mji Mkongwe Unguja kuna ofisi za hifadhi zenye masharti yao, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, Lamu tangu 2001, kwa hiyo waone mapema na michoro mkononi, sio baada ya kubomoa. Na hati ya kiwanja ni ya nani, mahakama, kaunti au makumbusho? Pata jibu kwa maandishi, maneno ya mdomo yanahama na uhamisho wa maofisa.

Kule Texas ambako kuna kaunti 254 na mahakama za kaunti za mawe nzuri ajabu, mwaka 1998 zilitajwa kwenye orodha ya majengo yaliyo hatarini Marekani, mwaka uliofuata jimbo likaanzisha mpango wa kuzirudisha, na sharti lao napenda sana, kaunti haipewi pesa za ujenzi mpaka iwe na plani kamili iliyoandikwa, historia, vipimo, ubovu, kila kitu. Hapa kwetu tunaanza na sherehe ya kukata utepe. Lichukueni hilo sharti tu, halina ushuru.

Kulisoma jengo

Kama una nafasi ya kuchagua, anza kulikagua mvua za masika, Aprili na Mei, usiende Januari likiwa kavu na zuri. Vaa gambuti, chukua tochi, kaa ndani mvua ikipiga. Utaona maji yanapita wapi kuliko ripoti yoyote ya kulipia. Ukipanda darini vaa maski, mavi ya popo yakikauka vumbi lake linaingia kifuani na linaumiza watu kweli, na kama kuna bati za asbesto usizivunje wala kuzikata, hizo zina watu wake wenye leseni.

Chora plani ya kila chumba, kipe kila chumba namba, na kila dirisha na mlango namba yake, alafu piga picha namba ikionekana. Kazi ya kuchosha lakini siku ambayo milango kumi na nne imelala uani na fundi hajui upi ni wa wapi utanishukuru.

Ukutani tumia kifundo cha kidole. Gonga gonga lipu taratibu kutoka chini kwenda juu, ikiwa imeshika inatoa sauti nzito fupi, ikiwa imeachana na ukuta inalia tupu, chora duara kwa chaki. Angalia usawa wa magoti mpaka kiunoni, kama kuna unga mweupe unachomoza na rangi inabambuka basi hiyo ni chumvi, inapanda na unyevu kutoka ardhini, maji yanakauka chumvi inabaki, inajikusanya ndani ya vitundu vya jiwe mpaka jiwe lenyewe linageuka mchanga. Ukipitisha kidole linamwagika. Hapo mara nyingi utakuta mtu alishapiga simiti mpaka usawa wa mita moja akidhani anazuia unyevu, na unyevu umehamia juu ya hiyo simiti, mstari kabisa unauona.

Nyufa usizizibe bado. Chora alama mbili za penseli pande mbili za ufa, pima kati yake, andika tarehe hapo hapo ukutani, rudi kila mwezi. Ufa uliolala ni historia tu, ufa unaotembea ni kesi ya injinia. Na injinia tafuta aliyeshawahi kushika jengo la chokaa, wale wa zege tupu wengi wao dawa yao ni moja, bomoa tumwage nguzo.

Boriti za mikoko zinaoza kwenye vichwa, pale zinapoingia ukutani, katikati zinaonekana nzima kabisa. Chukua bisibisi, choma pembeni ya ukuta, ikiingia kama hakuna kitu hiyo boriti haibebi tena. Majengo ya kizungu ya miaka ile yalianza pia kutumia mihimili ya chuma manake boriti ya mkoko haivuki chumba kipana, na ukumbi wa mahakama ni mpana. Chuma ndani ya ukuta wenye chumvi kinashika kutu, kutu inavimba, ukuta unapasuka. Ukiona ufa umenyooka mlalo juu ya dirisha, shuku chuma.

Na jambo la kuogofya kidogo lakini lazima nilitaje. Beit al-Ajaib pale Forodhani, jengo la Sultani Barghash la 1883, lilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na lilikuwa kwenye ukarabati wakati huo, watu wawili walikufa. Kwa hiyo kabla hujaondoa bati moja, kabla hujabandua lipu, weka mihimili ya kushikilia kila dari na kila tao unalolitilia shaka, funga kamba, hakuna mtoto wala mpiga selfi anaingia. Jengo likikaa miaka na uzito wake limezoea namna fulani ya kusimama, ukiligusa pasipo unalibadilishia mizani.

Maji yatoke kwanza

Pesa za kwanza zote ziende kwenye paa. Sio rangi, sio milango, sio bango la mradi. Bati, mbao za kenchi, mifereji, mabomba ya kushusha maji, na hayo mabomba yashushe maji mbali na msingi. Alafu toka nje utazame ardhi, kwa miaka mia na zaidi barabara imewekwa lami juu ya lami, kando wamemwaga zege, wamepanga pevingi, sasa nje kuko juu kuliko sakafu ya ndani na maji yote yanarudi kwako. Ondoa zege lililobana ukuta, shusha udongo, weka mtaro wa kokoto uinamie nje. Kazi hii peke yake ikifanyika vizuri utaona ukuta umeanza kukauka kabla hujanunua mfuko wowote.

Miche ya mkuyu au mwarobaini iliyoota ukutani usiing'oe kwa nguvu, itatoka na mawe. Kata, ua mzizi, uache ufe, alafu ndo utoe taratibu.

Chokaa, na hapa tutakaa

Kwa nini nasema simiti inaua? Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya unyevu na linautoa, chokaa nayo hivyo hivyo, ukuta mzima unapumua. Simiti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi, kwa hiyo unyevu unakwama nyuma yake, chumvi inajazana, jiwe linaoza limefichwa na lipu safi. Siku lipu ikianguka inaanguka na nusu ya ukuta.

Bandua simiti kwa patasi na nyundo ndogo, sio mashine ya kutoboa, mtikisiko wake unalegeza hata yale mawe mazima. Mahali ambapo simiti imeng'ang'ania na inang'oka na jiwe, iache kwa sasa, bora kiraka kibaya kuliko shimo. Ukishabandua liache wazi likauke, miezi ikibidi, pangusa chumvi kwa brashi kavu na uizoe uitoe nje, usiimwagie maji ikarudi ndani.

Zamani chokaa ilichomwa hapa hapa, magogo yanapangwa duara, matumbawe juu, moto unapigwa. Leo usichimbe matumbawe ya baharini wala usikate mikoko bila kibali, na huna haja, chokaa ya mfuko ipo madukani. Ukipata chokaa hai, ile ya mabonge iliyotoka tanuri haijaguswa na maji, ndo nzuri zaidi lakini iheshimu. Unatia maji kwanza kwenye pipa la chuma, alafu mabonge kidogo kidogo, usifanye kinyume. Kwa dakika moja hivi utadhani hakuna kitu, alafu inaanza kulia, inapasuka, inatokota na kurusha matone, mvuke unapanda, pipa huwezi kulishika. Miwani ya macho lazima, glavu za raba, mikono mirefu, na ndoo ya maji safi pembeni, tone likiingia jichoni osha hapo hapo maji mengi bila kusubiri na umpeleke mtu hospitali. Pipa la plastiki usithubutu. Ikitulia unaichuja unaimwaga shimoni, unaifunika na maji juu kama shibiri moja isiguse hewa, unaiacha. Wiki kadhaa ndo kidogo kabisa, miezi mitatu vizuri, zaidi ya hapo ndo tamu zaidi. Ukichota iwe laini na nzito kama samli iliyoganda, igande kwenye mwiko hata ukiugeuza. Kama umepata ile ya unga wa mfuko iliyokwisha zimwa kiwandani, iloweke kwenye maji angalau siku nzima kabla ya kutumia, sio sawa na ya shimoni lakini inafanya kazi.

Mchanga usiwe wa ufukweni, hata uoshe vipi mtu atakudanganya ameuosha. Mchanga wa mtoni au wa machimbo, wenye chembe kubwa na ndogo pamoja, upite kwenye chekeche. Maji yasiwe ya kisima cha chumvi, na visima vya kisiwani Mombasa vingi vina chumvi, onja. Kipimo cha kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu, ukanyage na kuponda mpaka ulainike, usikimbilie kuongeza maji, kuponda ndo kunaleta ulaini. Sehemu zenye unyevu wa kudumu tia unga wa matofali yaliyochomwa, unaipa chokaa nguvu ya kukaza hata pasipo na hewa nyingi, mafundi wa zamani waliujua huo mchezo karne nyingi kabla ya maabara.

Ukuta ulowanishe jana yake na tena asubuhi. Tupia mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la lipu, usipake, tupia kwa nguvu uingie kwenye mianya. Mashimo makubwa jaza kwa vipande vya matumbawe na chokaa, usijaze chokaa tupu. Kila mkono usizidi unene wa sentimita moja, uache ukaze, ukikwaruza kwa ukucha uone inaacha alama lakini haibonyei, ndo uongeze wa pili. Alafu kivuli! Jua la pwani na kaskazi vitakukausha lipu kwa mchana mmoja na chokaa haikauki ili ikaze, inakaza kwa kuvuta hewa taratibu ikiwa na unyevu wake, ikikaushwa ghafla inabaki unga. Ning'iniza magunia mbele ya ukuta, yanyunyizie maji asubuhi na jioni, siku kadhaa kwa kila mkono.

Hapa ndo fundi atakujia. Atasimama pembeni, atajifuta jasho, atasema "Bosi, tutie simiti kidogo tu, nusu karai, ishike haraka." Kila fundi atasema hivyo, na sio mtu mbaya, anataka kumaliza aende kazi nyingine. Kataa kwa upole, alafu rekebisha kinachomfanya aseme hivyo, yaani malipo. Ukimlipa kwa mita atakimbia, ndo akili ya kawaida. Mlipe kwa siku, mpe kuta mbili tatu azunguke, moja ikikaza anafanya nyingine. Na tafuta mzee mmoja aliyeshika chokaa tangu ujana, hata kama mikono imechoka akae kwenye kiti tu akiwaelekeza vijana, huyo ndo mtu wa kumlipa vizuri kuliko wote kwenye saiti.

Rangi ni chokaa pia, maji maji kabisa, mikono minne au mitano myembamba juu ya ukuta uliolowanishwa. Ukipiga inaonekana kama hujapiga kitu, ikikauka ndo weupe unatoka, usiongeze uzito kwa sababu umeingiwa na wasiwasi. Rangi ya plastiki ya dukani hapana, hata mfadhili akiitoa bure, inaziba ukuta kama simiti. Kujua rangi ya zamani chukua wembe mpya, mahali pamejificha nyuma ya mlango kata dirisha dogo la sentimita mbili, kwangua tabaka moja moja huku ukiacha ngazi ngazi, utaona zote zimepangana mpaka ya kwanza. Rangi za mafuta za zamani kwenye milango zinaweza kuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu, usizipige msasa kavu, lowanisha, na vumbi usifagie na watoto wapo.

Mbao, chuma na vya ndani

Boriti iliyooza kichwa usiitupe yote, kata kibovu unganisha kipya, fundi seremala mzuri anajua kuifunga. Milango na madirisha ya luva ya msaji au mvule yakionekana mabaya nje mara nyingi ndani ni mazima, yavue rangi, badilisha ubao mmoja mmoja, hutapata mbao kama zile tena kwa bei yoyote. Chuma kilichoshika kutu ukutani kifichue, kisugue, kitibu, na kama injinia amesema kitoke basi kinachoingia kiwe kisichoshika kutu.

Kizimba, meza ya hakimu, mabenchi ya wasikilizaji, hivyo visiguswe na vanishi. Michoro ya majina iliyokwanguliwa kwa kucha au kwa msumari na watu waliokuwa wanasubiri hukumu, iacheni, hiyo ndo kitu ambacho hakuna jengo jipya litakuwa nacho. Nyaya za umeme zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba yanayoonekana, usichimbe mifereji ndani ya matumbawe. Eyakondishena fikiria mara mbili, lile jengo lilijengwa kwa dari ndefu na luva ili upepo uvuke, ukiziba ili baridi isitoke umefunga unyevu ndani tena. Vyoo viwe kwenye kibanda cha nje au upande ulioongezwa baadaye, bomba la maji lililovuja ndani ya ukuta wa chokaa linaharibu kwa mwaka mmoja zaidi ya mvua ya miaka kumi.

Matumizi amueni mapema, kabla ya kupiga lipu sio baada. Mahakama Kuu ya Vuga kule Unguja, ile ya kuba aliyoichora J. H. Sinclair mwanzoni mwa karne ya 20, iliishi miaka mingi kwa sababu watu walikuwa wanaingia kila asubuhi kwa shughuli za mahakama, mtu anayeingia kila siku ndo anayeona tone la kwanza. Jengo la maonyesho linalofunguliwa mara mbili kwa mwaka linavuja kimya kimya. Afadhali ofisi ndogo yenye karani mmoja wa kila siku kuliko ukumbi mkubwa wenye kufuli.

Kazi ikiisha andika daftari la jengo: mchanganyiko uliotumia ukuta upi, mchanga ulitoka wapi, alama za nyufa na vipimo vyake. Nakala moja ikae jengoni, moja ofisi ya hifadhi. Machi kila mwaka kabla ya masika mtu apande asafishe mifereji ya paa, ang'oe miche michanga, agonge kuta na kuangalia zile alama za penseli. Chokaa ya rangi irudiwe kila ikianza kufifia. Na lile shimo la chokaa uani kontrakta akitaka kulifukia siku ya kukabidhi mwambie aliache, lifunikwe vizuri lisiingie mtoto, maji yasikauke juu yake, chokaa iliyobaki inazidi kuwa nzuri na kiraka cha mwaka ujao utakichota humo humo.